Je, wajua kwa nini waongozaji wa Japani walichagua kuucheka ubabe wa kijeshi badala ya kuulilia?

Katika miaka ya 1960, miongo miwili baada ya Japani kushindwa katika Vita vya Pili vya Dunia, waongozaji kadhaa wa filamu wa nchi hiyo walifanya jambo lisilotarajiwa kwa watu waliowazika wenzao vitani: walimfanya askari, pamoja na mvulana anayefunzwa kuwa askari, kuwa kichekesho. Filamu za huzuni kuhusu vita zilikuwa nyingi tayari, na watazamaji walizipenda. Lakini huzuni ina kasoro yake. Hata filamu inapolaani vita, kijana anayekufa ndani yake hubaki mzuri, machozi humtakasa, na mtazamaji hutoka akikiheshimu kifo kile kama jeshi lenyewe lilivyotaka kiheshimiwe. Kicheko huiondoa heshima hiyo, na naamini hiyo ndiyo sababu kuu ya uamuzi wao.

Kilichochekwa kilikuwa na mizizi shuleni. Kuanzia mwaka 1925 maofisa wa jeshi walipelekwa katika shule za wavulana kufundisha gwaride na mafunzo ya kivita, na mvulana akakua akijua kwamba uvumilivu wa maumivu, utiifu na ngumi ndivyo vipimo vya uanaume. Sinema nayo ilibanwa, kwani Sheria ya Filamu ya mwaka 1939 ililazimisha miswada ikaguliwe kabla ya kazi ya kupiga picha kuanza. Baada ya vita wakaguzi wakawa Wamarekani, hadi walipoondoka mwaka 1952. Kwa hiyo kizazi kilicholelewa na maofisa wale kilisubiri muda mrefu kabla ya kusema kwa uhuru mambo kiliyoyaona.

Aliyesema kwa ukali kuliko wengi ni Suzuki Seijun, katika filamu ya mwaka 1966 iitwayo Kenka Erejii, yaani Maombolezo ya Magomvi, iliyotengenezwa na kampuni ya Nikkatsu. Mhusika wake mkuu, Kiroku, ni mwanafunzi katika mji wa Okayama katikati ya miaka ya 1930. Anampenda Michiko, binti wa nyumba anamokaa, lakini malezi ya Kikatoliki kwa upande mmoja na sheria za wavulana wenzake kwa upande wa pili vinamfanya aione hisia hiyo kuwa dhambi na udhaifu. Nguvu iliyokosa njia ya mapenzi inatokea kwenye ngumi. Anajiunga na genge, anapata mwalimu wa kumfundisha kupigana, na magomvi yanapigwa picha kwa kasi na vituko hivi kwamba mtazamaji anacheka kabla hajatambua kuwa anachokitazama ni mazoezi ya vita. Kiroku anapomkaidi mwalimu wa mafunzo ya kijeshi, analazimika kuhamia Aizu, eneo linalokumbukwa kwa vijana wa kikosi cha Byakkotai waliojiua mwaka 1868 wakidhani ngome ya bwana wao imekwisha kuanguka. Huko, moyo wa mababu ni jambo la kujivunia, na Kiroku anapigana tena.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoonyesha kicheko kilikuwa kinaelekea wapi. Michiko anakuja kumuaga kwa sababu anaingia utawa. Anapoondoka kwenye njia nyembamba iliyojaa theluji, anakutana na kikosi cha askari wanaokimbia kwa safu. Hawamwoni wala hawapunguzi mwendo, wanamsukuma, anaanguka, na msalaba wake unakanyagwa na buti moja baada ya nyingine. Hakuna askari anayemchukia. Wao wanakimbia tu, kama Kiroku alivyokuwa akipigana tu, na hapo ndipo filamu inapowaunganisha. Baadaye Kiroku anasoma habari za uasi wa tarehe 26 Februari 1936, wakati maofisa vijana walipowaongoza askari wapatao 1,400 kuteka sehemu ya katikati ya Tokyo na kumuua, miongoni mwa wengine, Waziri wa Fedha Takahashi Korekiyo. Picha iliyochapishwa inamkumbusha mtu aliyewahi kumwona mkahawani: ni Kita Ikki, mwanafikra aliyewavutia waasi hao na ambaye katika historia aliuawa kwa kupigwa risasi mwaka 1937 kwa kosa hilo. Kiroku anapanda treni kwenda Tokyo, kwenye ugomvi mkubwa zaidi.

Waliotunga haya hawakuwa wakikisia. Shindo Kaneto, aliyeandika muswada, aliandikishwa katika jeshi la majini mwaka 1944, na kati ya watu 100 wa kundi lake walisalimika 6. Suzuki mwenyewe alizamishiwa meli vitani. Alipohojiwa baadaye alieleza jinsi waliookolewa walivyovutwa kwa kamba huku vichwa vyao vikigonga ubavu wa meli, na kwamba hali ile ilimchekesha. Mtu akilisikia hilo anaelewa kwamba kwake vita havikuwa na utukufu wa kuhifadhiwa.

Okamoto Kihachi, aliyezaliwa mwaka 1924, alikwenda mbali zaidi. Mwaka 1967 alitengeneza filamu kubwa kuhusu mawaziri na majenerali katika siku ya mwisho ya vita, kisha mwaka uliofuata, kwa fedha kidogo, akatengeneza Nikudan, yaani Risasi ya Mwili, ambamo hakuna jenerali anayehesabika. Kijana wake hana hata jina. Anaitwa nguruwe na kuadhibiwa kwa kukaa uchi, kwa sababu nguruwe havai nguo, kisha anapochaguliwa kwa shambulio la kufa anaambiwa sasa ni mungu. Anawekwa baharini ndani ya pipa la mafuta lililofungwa kombora la majini. Meli anayoishambulia akidhani ni ya adui inabainika kuwa chombo cha Wajapani kinachobeba kinyesi, na ni mwenye chombo anayemwarifu kwamba vita vimekwisha.

Gharama ya uhodari huu haikuwa ndogo. Mwaka 1968 Nikkatsu ilimfukuza Suzuki, mkuu wake akidai filamu zake hazieleweki. Suzuki alishtaki, mgogoro ukamalizika kwa maafikiano mwaka 1971, lakini hakuongoza tena filamu ya sinema hadi mwaka 1977. Sehemu ya pili ya habari za Kiroku, ambayo ingemfuata hadi vitani, haikutengenezwa kamwe.