Kura, uwezo, na nani ni "watu"

Tarehe 10 Julai 2018 wanavijiji kote Uganda walijipanga mstari nyuma ya wagombea wa uenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ngazi ya chini kabisa ya serikali za mitaa. Karatasi hakuna, sanduku hakuna. Unasimama nyuma ya unayemtaka, unahesabiwa, na jirani aliyekukodisha shamba anaona umesimama wapi. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa ngazi hiyo tangu 2001. Kama demokrasia ni kupiga kura, ile miaka 17 ya katikati, wenyeviti walewale wakiendelea kugonga mihuri barua zetu, tuiite nini?

Nafundisha falsafa ya siasa, na swali hili huwa naanza kulijibu kwa Kiswahili chenyewe. Neno "kura" tulilichukua kutoka Kiarabu, na huko maana yake ni kuamua kwa bahati: kuchomoa kijiti, kuokota kikaratasi. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka namna nafasi ya Yuda ilivyojazwa katika Matendo ya Mitume: kura ilimwangukia Mathiya, wala hakuna aliyefanya kampeni. Mpaka leo tunasema "kupiga kura" kwa uchaguzi na kwa bahati nasibu pia.

Waathene wa kale, raia wa mji wa Athene huko Ugiriki, walitenganisha mambo hayo mawili, na bahati nasibu ndiyo waliyoiona ya kidemokrasia. Mwanafalsafa wao Aristotle aliandika kwamba kugawa vyeo kwa bahati ni desturi ya demokrasia, na kuchagua ni desturi ya oligakia, yaani utawala wa wachache. Ukichagua, unamtafuta aliyekuzidi: mwenye jina, mwenye mali, mwenye ulimi. Ukiokota kikaratasi, umeshakubali kwamba yeyote aliyemo chunguni anatosha. Baraza lao la watu 500 lilipatikana hivyo, 50 kutoka kila kabila kati ya makabila 10, na hakuna aliyeruhusiwa kulikalia zaidi ya mara mbili maishani mwake. Kupata mahakimu wa siku, vibao vyenye majina ya raia vilichomekwa kwenye jiwe lenye safu za vitundu, kisha gololi zikadondoshwa. Nyeupe, safu nzima inaingia mahakamani. Nyeusi, mnarudi nyumbani.

Socrates, mwanafalsafa wa Athene, hakulipenda jambo hilo. Nani atampata nahodha kwa bahati nasibu? Na kweli, hakuna anayetaka dereva wa basi la Gulu apatikane hivyo. Waathene wenyewe majemadari wao waliwachagua. Lakini dereva anajua namna ya kufika. Kwamba twende Gulu au tubaki nyumbani, hilo ni la abiria.

Hapo ndipo neno lenyewe linapofunguka. Demos ni watu. Kratos ni nguvu, uwezo. Monarkia, yaani utawala wa mtu mmoja, na oligakia zimejengwa juu ya neno jingine, arkhe, la kushika cheo, na huhesabu wangapi wamekalia kiti. Demokrasia inauliza kama watu wa kawaida wanaweza kuamua jambo likatendeka. Mwanauchumi Joseph Schumpeter, mwaka 1942, aliipunguza ikawa utaratibu wa wakubwa kushindania kura ili wapate mamlaka ya kuamua. Maana hiyo inapimika, ndiyo sababu wengi wameipenda. Mimi naiona ndogo mno. Mwanafalsafa Rousseau alishaijibu mwaka 1762 aliposema Waingereza wako huru wakati wa kuchagua wabunge tu. Wakishawachagua, ni watumwa.

Katiba yetu ya 1995, ibara ya 1, inasema mamlaka yote ni ya watu. Sheria ya serikali za mitaa inaishusha kauli hiyo hadi kijijini: baraza la kijiji ni kila mkazi wa miaka 18 au zaidi. Mwenyekiti na wenzake, watu 10 kwa jumla, ni kamati tu ya baraza hilo. Wengi wetu tunaijua LC1 kwa muhuri na ada ya barua, na hatujui kwamba sisi wenyewe ndio baraza. Pampu ya kisima ikiharibika, kikao cha kuamua kila nyumba itoe nini na nani ashike fedha ni chetu, hata mwaka usio na uchaguzi.

Linabaki swali gumu kuliko yote: watu ni nani? Athene iliwaacha nje wanawake, watumwa na wageni. Uganda leo ina wakimbizi zaidi ya milioni 1.5, wakiwemo Wakongomani wengi wanaozungumza Kiswahili hikihiki. Mama anayeuza samaki wakavu katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale hapigi kura ya rais wala ya mbunge, ingawa sheria zinazotungwa Kampala zinamgusa kila siku. Makazini humo, hata hivyo, wakimbizi huchagua kamati zao wenyewe, na mambo ya maji na ugomvi wa majirani huanzia huko. Kwa maana ya Schumpeter, mama huyu hayumo kabisa katika demokrasia ya nchi. Kwa maana ya uwezo, yumo siku anapopeleka jambo la bomba la maji mbele ya kamati yake na bomba likatengenezwa, na hayumo siku sheria ya ardhi anayolima inapojadiliwa bungeni.