Trojani ya benki ni nini?

Trojani ya benki ni programu hasidi inayoingia kwenye kompyuta au simu kwa sura ya kitu kingine, kisha inatulia hadi mwenye mashine afungue akaunti yake ya benki. Usiifananishe na virusi vya flashi tulivyovizoea, vile vinavyogeuza mafolda yote kuwa shotikati. Vile vinakera waziwazi. Hii haitaki kabisa ujue kwamba ipo.

Mara nyingi mlango unaufungua mwenyewe. Chukua mfanyabiashara wa mbao pale Mafinga: anapokea barua pepe iliyoandikwa "Ankara", kiambatisho kina alama ya PDF, jina linaishia na .pdf. Kumbe Windows, isipobadilishwa, huficha kipande cha mwisho cha jina. Jina kamili ni ankara.pdf.exe, na hiyo ni programu. Anabofya, hakifunguki kitu, anadhani faili limeharibika, anarudi kwenye mbao zake.

Njia nyingine ni programu za kukraki, yaani za kulipia zilizovunjwa ulinzi wake ili zitumike bure, ambazo trojani inaweza kufichwa ndani yake, na kwa huku kwetu hii ndiyo inayonitisha zaidi. Kompyuta ya steshenari yenye programu hizo, iwe Mwanjelwa au Uyole hapa Mbeya, inachapa barua, inajaza fomu za mkopo wa wanafunzi, inapokea flashi ya kila anayepita. Halafu mteja mwenye haraka anafungulia akaunti yake ya benki humohumo.

Wengi wanategemea ile alama ya kufuli kwenye anwani ya tovuti. Kufuli hilo ni la kweli, ila linalinda taarifa zikiwa njiani kati yako na benki. Trojani haikai njiani. Imo ndani ya kivinjari chako, na inanakili nywila kabla haijasimbwa, yaani kabla haijageuzwa kuwa maandishi ya siri. Trojani iitwayo Zeus, iliyogundulika mwaka 2007, ilikwenda mbali zaidi: iliweza kupachika kisanduku cha ziada kwenye ukurasa halisi wa benki. Unaona jina la mtumiaji, nywila, na chini yake swali jipya linalotaka PIN ya kadi ya ATM. Anwani ni sahihi, nembo ni ileile, kufuli lipo. Ila swali hilo benki hailijui, limezaliwa ndani ya mashine yako.

Mwaka 2011 msimbo wa Zeus, yaani maandishi yanayoiunda programu yenyewe, ulivuja, wezi wengine wakaunda za kwao. Evgeniy Bogachev, Mrusi anayeshitakiwa Marekani kwa kuendesha Gameover Zeus, toleo la baadaye la Zeus, ametangaziwa zawadi ya hadi dola milioni 3 kwa atakayetoa taarifa za kumkamatisha.

Kwenye simu za Android mambo ni yaleyale kwa njia nyingine: apu iliyotumwa kwa linki inaomba ruhusa ya kusoma SMS na kudhibiti skrini. Ukiikubalia, inafunika apu ya benki kwa ukurasa wake bandia na kuzisoma namba za uthibitisho zinazoingia.

Ukiona ukurasa wa benki unauliza jambo ambalo haujawahi kuuliza, acha hapo hapo na uipigie benki, kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako. Nywila ibadilishie kwenye kifaa kingine; ukiibadilishia palepale, mwizi anaipata na hiyo mpya. Kompyuta yenyewe mpe fundi aifute yote na kuweka Windows halali, hata kama antivairasi inasema imeshasafisha.