Runinga Ikizimwa: Jinsi ya Kujua Mawimbi Yamekatwa Wapi

Tarehe 25 Juni 2025, Wakenya walipokuwa barabarani kukumbuka mwaka mmoja tangu maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza redio na runinga zote ziache kupeperusha maandamano moja kwa moja. Baadaye siku hiyo NTV na KTN zilitoweka kwenye ving'amuzi, na jioni Mahakama Kuu ikalisimamisha agizo hilo. Huku nyuma watu walikuwa wakibishana: ni antena, ni king'amuzi kibovu, au ni serikali? Jibu unaweza kulipata ukiwa sebuleni kwako, ukijua pa kutazama.

Enzi za analogi kila stesheni ilikuwa na masafa yake yenyewe. Tangu Kenya ihamie dijitali mwaka 2015, picha husafiri kutoka studio hadi kwa msambazaji wa mawimbi, naye huzikusanya stesheni nyingi kwenye masafa mamoja yenye upana wa megahezi 8, kwa mfumo wa DVB-T2 (kiwango cha utangazaji wa runinga ya dijitali), kisha mkondo huo hupelekwa minarani. Miongoni mwa wasambazaji hao ni Signet, inayomilikiwa na shirika la utangazaji la umma, KBC. PANG, kampuni ya Kichina. Na ADN, iliyoundwa na kampuni za habari za Nation, Standard na Royal Media. Teknolojia hii iliokoa masafa mengi, lakini pia ilipunguza idadi ya milango ambayo afisa mwenye haraka anahitaji kubisha. Tarehe 30 Januari 2018, kiongozi wa upinzani Raila Odinga alipoapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi", Citizen, Inooro, NTV na KTN News zilizimwa. Tarehe 1 Februari Mahakama Kuu ikaamuru zirudishwe, kwa ombi la mwanaharakati Okiya Omtatah. Siku zikapita baada ya amri hiyo, na skrini bado nyeusi.

Sasa, stesheni imepotea. Jambo la kwanza: usifanye skani upya. Hilo ndilo kosa linalofanywa na karibu kila mtu. Skani mpya hufuta orodha ya zamani, na stesheni iliyokatwa huenda isiingie kwenye orodha mpya, kwa hiyo umeuharibu ushahidi wako kwa rimoti yako mwenyewe. Badala yake bonyeza Info, au ufungue menyu ya kutafuta stesheni kwa mkono. Utaona namba ya masafa na mistari miwili, mmoja wa nguvu ya mawimbi, mwingine wa ubora.

Masafa yote yakiwa yameanguka, kagua antena na waya wako kabla ya kulaumu mtu. Masafa mamoja yakianguka pamoja na stesheni zake zote, huku mengine yakiwa sawa, huenda mtambo wenyewe umezimwa au umepata hitilafu. Piga simu kwa mtu aliye mji mwingine. Mnara wa Nairobi ukikosa umeme, wa Mombasa hauna sababu ya kunyamaza dakika ile ile.

Hali ya tatu ndiyo ya kuchunguzwa kwa makini zaidi: mistari yote miwili imesimama imara, stesheni nyingine za masafa hayo zinaonekana, ila moja tu ni nyeusi. Hapo mnara ni mzima. Ama picha haifiki kutoka studio, ama stesheni imechomolewa kwa msambazaji. Fungua YouTube. Mtangazaji akiwa bado anasoma habari huko, studio inafanya kazi na mkato uko njiani. Waya wa faiba unaobeba picha hukatika, ni kweli, lakini kukatika kwa bahati mbaya hakuchagui kampuni mbili au tatu zinazoshindana kwa wakati mmoja. Sikiliza pia redio ya kampuni hiyo hiyo: FM ina mitambo yake, na ikiendelea kusikika inakusaidia kujua kilicholengwa ni nini.

Rekodi haya yote kwa video isiyokatwa: skrini ya runinga, mistari ya mawimbi, namba ya masafa, kisha simu nyingine inayoonyesha saa na tarehe. Andika mji na aina ya king'amuzi. Usiitume kama video ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu faili hubanwa na kupoteza taarifa zake za asili. Itume kama dokumenti, na uitunze ya kwanza kwenye simu iliyoirekodi. Ikifika kortini, wakili atahitaji cheti cha kuthibitisha ushahidi wa kielektroniki, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi, na anayefaa kukitia sahihi ni mwenye simu hiyo. Ushahidi mwingi hukwama hapa, video ikiwa imepita makundi kumi na hakuna anayejua ilikotoka.

Kuhusu sheria, katika agizo lake la Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ilitaja Ibara ya 33(2) na 34(1) za Katiba. Ibara ya 33(2) inaondoa ulinzi kwa propaganda ya vita, uchochezi wa ghasia na matamshi ya chuki. Kuonyesha umati barabarani si lolote kati ya hayo. Kwa maoni yangu, kupiga marufuku picha ambazo bado hazijapigwa ni kuingilia utangazaji, jambo ambalo Ibara ya 34(2) inalikataza. Na 34(4) inavitaka vyombo vya habari vya serikali viwe huru kuamua maudhui yao na vitoe nafasi kwa maoni yanayotofautiana, kwa hiyo KBC nayo inalindwa dhidi ya simu za wakubwa.

Siku hiyo hiyo stesheni inapozimwa, iandikie Mamlaka ya Mawasiliano ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Usiulize "kwa nini mlizima?", maana utajibiwa kwa aya za usalama wa taifa. Omba nakala ya agizo lenye sahihi, jina la ofisi iliyolitekeleza, rekodi za kuingia kwenye kituo cha mitambo, na kumbukumbu za mashine zinazoonyesha dakika ambayo mkondo ulikatika na kurudi. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu. Ikinyamaza au ikikataa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala (Ombudsman), ukiambatisha nakala ya ombi iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.