Kwa nini mkimbiaji hashauriwi kusimama ghafla?

Umemaliza kilomita zako 3 za kwanza. Pumzi juu juu, unasimama na kushika magoti, mara kizunguzungu hicho. Wengi hudhani ni njaa. Mara nyingi sababu iko kwenye mashavu ya miguu.

Unapokimbia, misuli ya miguu hujikaza na kulegea mfululizo. Kila inapojikaza huibana mishipa ya vena na kuisukuma damu ipande moyoni, na vali zilizomo ndani ya vena huizuia isirudi chini. Kwa hiyo moyo una msaidizi. Ukisimama ghafla, msaidizi huyo anaacha kazi ilhali mishipa ya miguuni bado imetanuka. Damu inatuama huko, presha inashuka, na ubongo unapata damu pungufu. Ndiyo maana wapo wanaoanguka wakishavuka mstari wa mwisho, si kabla. Basi maliza kwa mchakamchaka wa polepole dakika 2 au 3, kisha tembea dakika 5 hadi 10.

Ila usitarajie kwamba kupoza mwili hivyo kutakuondolea maumivu ya kesho. Tumezoea kuilaumu asidi ya lakti, inayotengenezwa na misuli ukifanya mazoezi makali, lakini hiyo huisha mwilini baada ya saa moja hivi, hata ukikaa tu. Maumivu yanayofikia kilele kati ya saa 24 na 72 hutokana na majeraha madogo mno kwenye nyuzi za misuli, hasa ukikimbia mteremko. Yanahitaji muda na usingizi.

Na hapo ndipo siku ya mapumziko ina kazi yake. Moyo na mapafu huzoea mbio ndani ya wiki chache. Mifupa na kano huchukua miezi. Pumzi ikishakuruhusu kuongeza, miguu bado haijawa tayari, na hilo ndilo linalowaponza wanaoanza. Hata Iten, mji wa wakimbiaji ulio kwenye mwinuko wa mita 2,400 hivi, wengi hupumzika Jumapili. Wewe kimbia siku 3 kwa wiki, na siku za katikati tembea, ogelea au endesha baiskeli kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza bila kuhema.

Maumivu ya kuchoma yakikaa sehemu moja ya mfupa wa muundi na kuzidi kila unapokimbia, hayo si uchovu wa misuli. Acha mbio, nenda hospitali.