Mliyemleta Kituoni Usiku, Kwa Nini Kesho Yake Yuko Kijiweni?

Kwenye mikutano ya mitaa tunayohudhuria na Wakaguzi wa Polisi wa Kata, lalamiko moja limezidi mengine yote: "Afande, tunawakamata wenyewe, tunawaleta kituoni, kesho yake wako kijiweni wanatucheka." Mama mmoja muuza maandazi alilisema akiwa amesimama, mkono kiunoni, na mkutano mzima ukampigia makofi. Kijana alikutwa usiku na mtungi wake wa gesi, vijana wa ulinzi shirikishi wakamfikisha kituoni pamoja na mtungi. Nikamuuliza: mama yangu, ulipopigiwa simu uje kuandika maelezo, ulikuja? Akasema siku ile unga ulikuwa umeshaumuka.

Basi mtuhumiwa alitolewa na unga wa maandazi. Watu walicheka, ila mimi ninalolisema ndilo hasa linalotukwamisha.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda kosa mbele yake, kwa sharti kwamba amkabidhi polisi bila kuchelewa. Tangu hapo saa zinahesabika. Kwa makosa ya kawaida, mtuhumiwa ambaye hakufikishwa mahakamani ndani ya saa 24 anapaswa kupewa dhamana. Ndani ya muda huo askari wa zamu anahitaji maelezo ya aliyekamata, maelezo ya mwenye mali, na mali yenyewe. Maelezo yanaandikwa, unasomewa, unarekebisha pale palipokosewa, kisha unasaini au unaweka dole gumba. Huna cha kulipia. Jalada likikamilika linapelekwa kwa waendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, nao wakikuta limejaa maneno ya askari peke yake, watalirudisha. "Mtaa mzima unamjua ni mwizi" hauingii kizimbani. Anayeingia ni mtu mmoja mmoja, kwa jina lake.

Dhamana nayo nimeieleza mpaka nimechoka, naieleza tena. Dhamana ni haki, haifuti kosa, na haiuzwi. Mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha havina dhamana. Wizi wa mtungi wa gesi unayo. Mdhamini anasaini, mtuhumiwa anapangiwa siku ya kuripoti, upelelezi unaendelea. Ukidaiwa hela ya dhamana kituoni, nenda kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya au piga 113, TAKUKURU. Sikatai kwamba wapo askari wanaolichafua Jeshi, na wanaothibitika huchukuliwa hatua za kinidhamu na za kisheria. Lakini si kila aliyetoka amehonga.

Tatizo jingine ni mali yenyewe. Unakuja unasema "hii pasi ni yangu", na wakili wa upande wa pili anauliza swali moja tu: umeitambuaje, wakati Kariakoo zimejaa zinazofanana nayo? Kwa simu, bonyeza *#06# leo uandike namba ya IMEI kwenye daftari, usiihifadhi ndani ya simu hiyo hiyo (wapo wanaofanya hivyo). Tunza risiti. Yule mama alikuwa amepaka rangi nyekundu ya kucha chini ya mkono wa mtungi, mahali pasipoonekana mpaka uuinamishe. Alama ndogo ya namna hiyo ina nguvu mahakamani kuliko kelele.

Sasa kipigo. Mtuhumiwa akiletwa anavuja damu, kazi ya kwanza ni kumwandikia PF3, fomu ya polisi ya matibabu, na kumpeleka hospitali, na nyie mliomleta mnageuka kuwa sehemu ya upelelezi. Akifa, shtaka ni mauaji, na adhabu yake ni kunyongwa hadi kufa. Msije na ile ya "mimi nilimpiga kibao kimoja tu". Sheria inatambua nia ya pamoja, haihesabu vibao.

Ulinzi wa wananchi haukuanza na sisi. Sungusungu ilianzia Shinyanga na Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ng'ombe walipokuwa wanaisha mazizini, na mwaka 1989 ikaingizwa kwenye sheria za mgambo. Polisi jamii ilishika kasi kuanzia 2006. Hata Panya Road, yale makundi ya vijana waporaji, walipoisumbua Dar es Salaam mwaka 2015, na tena 2022, vijana wale hawakushuka kutoka mwezini. Walikuwa na mama, mwenye nyumba na kijiwe. Ndiyo maana Mkaguzi amewekwa kwenye kata, ajue nani kahamia na nani ana pikipiki asiyoweza kuieleza. Hakuwekwa hapo kukusanya madeni. Kodi ya mpangaji si jinai, acheni kumwamsha usiku kwa hilo. Walinzi shirikishi nao hawana ruhusa ya kupekua nyumba ya mtu, na michango yao ipangwe kwenye mkutano wa mtaa na itolewe risiti.

Mnaogopa kutajwa, na hapo siwalaumu. Mtoa taarifa ni mmoja, shahidi ni mwingine. Jina la anayenong'ona halitakiwi kutoka kinywani mwa askari, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Shahidi ataonekana mahakamani, siwezi kuwaahidi vinginevyo. Akitishwa aripoti siku hiyo hiyo, maana kumtisha shahidi ni kosa linalojitegemea. Ila taarifa ya siri msiitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Mwizi naye yumo.

Mkutano ulipoisha, Mkaguzi hakumwita yule mama kituoni. Alimfuata kibandani saa tisa alasiri, karai limeshaepuliwa, akakalia ndoo iliyopinduliwa akaanza kuandika. Maelezo yalifika kurasa mbili. Ya pili ina doa la mafuta kwenye pembe, na imeingia kwenye jalada hivyo hivyo.