Nani alikudanganya kwamba upanga wa Ulaya ulikuwa gogo la chuma?

Filamu ya samurai ikiisha, ubishi haukawii: Mjapani alikuwa msanii wa upanga, Mzungu wa enzi za kati alikuwa mtu wa kutwanga tu. Tuanze na mizani.

"Upanga wa Ulaya ulikuwa mzito mno."

Upanga mrefu wa mikono miwili wa karne ya 14 na 15 ulikuwa na kilo 1.2 hadi 1.6 hivi, na urefu wa sentimita 120 au pungufu kidogo. Katana, yaani upanga wa samurai, ni fupi kuliko huo, na bado ina kilo moja na ushee. Isitoshe, mwishoni mwa mpini wa Ulaya kuna donge la chuma linalorudisha uzito mkononi, na bapa hupungua unene kuelekea nchani. Ukiushika hauhisi gogo. Yale mapande makubwa yaliyomo kwenye majumba ya makumbusho, baadhi yalitengenezwa kubebwa kwenye maandamano, si kupigania.

"Asia ilikuwa na sanaa, Ulaya ilikuwa na misuli."

Hii ndiyo inayoniudhi. Mwitaliano Fiore dei Liberi aliandika kitabu chake cha mapigano mwanzoni mwa karne ya 15. Ndani yake kuna mchoro wa mtu aliyezungukwa na wanyama wanne: linksi ameshika bikari, simbamarara ana mshale, simba ana moyo, na chini kabisa tembo amebeba ngome mgongoni. Busara, wepesi, ujasiri, nguvu. Ona basi: nguvu ni moja kati ya nne, na hata huyo tembo sifa yake ni kwamba hapigi magoti wala hapotezi hatua. Ni miguu inayosifiwa, si misuli.

Wajerumani nao walikuwa na mafundisho ya mwalimu wa upanga Johannes Liechtenauer, yaliyofichwa kwenye beti ambazo asiyefundishwa haambulii kitu. Panga zikigusana, mwanafunzi hakutakiwa kusukumana kama mabeberu. Alitakiwa kuhisi. Mpinzani amekaza? Mwachie, uzungukie upande wa pili. Amelegea? Ncha imwendee usoni papo hapo, na hilo "papo hapo" lina jina lake kabisa, *indes*. Mcheza kendo, mchezo wa upanga wa Kijapani, atakuelewa mara moja, maana naye hufundishwa habari ya kuwahi, anaiita *sen*. Tena, simama na upanga wima kando ya bega la kulia: Mjerumani atakwambia hiyo ni *vom Tag*, Mjapani atasema *hasso*.

"Katana hukata deraya, hukata hata upanga mwingine."

Haikati. Feleji ya Japani ilitokana na mchanga wa chuma, na kaboni yake haikuenea sawasawa. Mhunzi aliikunja mara kumi na kitu ili kuisawazisha na kutoa takataka. Ni ufundi mkubwa, lakini ni dawa ya ugonjwa wa malighafi, si uchawi. Makali huwa magumu sana na mgongo laini, hivyo katana ikipinda hubaki imepinda. Upanga mzuri wa Ulaya ulipinda ukarudi.

Mbele ya deraya la bamba, panga zote mbili hushindwa kukata. Mzungu alishika bapa kwa mkono wa kushoto, akautumia upanga kama mkuki mfupi kutafuta kwapa au tundu la kofia. Au akaugeuza, akashika makali, akapiga kwa mpini kama nyundo. Mjapani alimkumbatia adui, wakaanguka, jambia likamaliza kazi.

"Upanga ndio uliokuwa silaha kuu vitani."

Kote kuwili, mkuki na upinde vilitangulia.

"Asia maana yake Japani."

Jenerali Qi Jiguang wa China, aliyepambana na maharamia wa pwani karne ya 16, aliyaona madhara ya panga ndefu za Kijapani, akawapa askari wake za aina hiyo. Mwaka 1621 Mao Yuanyi alichapisha, ndani ya kitabu chake kikubwa cha mambo ya vita, mbinu alizozihusisha na Korea. Upanga uliochorwa humo umenyooka, una makali kuwili, na unashikwa kwa mikono miwili.

Kilichotofautisha zaidi ni urithi. Baadhi ya shule za Japani zilizoanza karne ya 15 zinafundisha hadi leo, mwalimu kwa mwanafunzi. Ulaya mnyororo huo ulikatika, na wanaojifunza sasa wanafufua mbinu kutoka kwenye michoro, wakibishana mguu upi ulitangulia.