Visiwa 6 kwa siku 14? Dhana potofu kuhusu safari za meli za kitalii

Tangazo likitaja visiwa, wengi huhesabu visiwa. Hesabu saa za kukaa nchi kavu, hasa kwa safari za huku kwetu Bahari ya Hindi.

"Nitaijua Zanzibar." Utaionja tu. Meli ikifika asubuhi na kuondoka jioni, ukitoa foleni ya kushuka na muda wa kurudi, unabakiwa na saa 6 au 7 hivi. Zinatosha kuzunguka Mji Mkongwe na kufika shamba moja la viungo. Wauza mishikaki na Zanzibar pizza wa Forodhani wanapowasha majiko, wewe umeshapanda melini. Kwa maoni yangu, anayekitaka kisiwa chenyewe bora alale hotelini.

"Nikichelewa watanisubiri." Matembezi yaliyouzwa na meli yakichelewa, kwa kawaida husubiriwa. Teksi uliyojikodia haisubiriwi, na nauli ya kuifuata meli bandari inayofuata ni juu yako. Mwisho wa kupanda huwa nusu saa au zaidi kabla ya kuondoka. Halafu kuna mtego wa saa: Zanzibar, Komoro na Madagaska zinakwenda sawa, ila Shelisheli, Morisi na Reunion ziko mbele kwa saa 1, na si kila meli hubadili saa zake. Kabla ya kushuka, uliza inafuatwa saa ya meli au ya kisiwa.

"Ratiba haibadiliki." Kule La Digue (Shelisheli) na Nosy Be (Madagaska) meli kubwa hutia nanga nje, abiria wakavushwa kwa boti ndogo. Mawimbi yakizidi, nahodha anafuta kituo, na masharti ya tiketi yanamruhusu.

"Msimu wa kaskazi bahari yote ni shwari." Hapa ndipo wengi wanapokosea. Meli nyingi za kitalii huja kati ya Novemba na Aprili, na huo ndio msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa bahari hii. Januari 2024 kimbunga Belal kiliipiga Reunion na kusababisha mafuriko Port Louis, mji mkuu wa Morisi. Desemba mwaka huo huo kimbunga Chido kikaiharibu vibaya Mayotte, jirani na Komoro. Karibu na ikweta vimbunga ni nadra, kwa kuwa nguvu ya mzunguko wa dunia inayoupinda upepo ni dhaifu huko. Hata hivyo, Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu na minazi ya Unguja, na Mei 2024 Hidaya kikafika Mafia. Meli huweza kukikwepa kimbunga kwa kugeuza njia. Kisiwa ulichokilipia ndicho kinachoachwa.

"Nikilala melini, viza ya nini?" Sheria za uhamiaji zinakufuata hadi gatini, na ukikosa karatasi unaweza kuzuiwa tangu bandari ya kwanza. Reunion ni Ufaransa lakini haimo katika eneo la Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), hivyo viza ya Schengen ya kwendea Paris pekee haitoshi kwa anayehitaji viza. Shelisheli nayo hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa anayetoka nchi yenye hatari ya ugonjwa huo, na Kenya imo.

"Kila kitu kimelipiwa." Chumba na chakula, ndiyo. Soda, intaneti, bakshishi na matembezi, mara nyingi hapana. Omba orodha ya bei kabla ya kuweka malipo ya awali.